Pentax K1000: mwongozo kamili wa kuikagua, kuiwekea filamu na kupiga nayo picha

Mtu aliyezoea kupiga picha kwa simu, akishika Pentax K1000 kwa mara ya kwanza, huigeuzageuza akitafuta pa kuwashia. Hapapo. Ukivuta wenzo wa kusogezea filamu, springi zinakaza. Ukibonyeza kitufe, springi zinajiachia, shata (pazia linalozuia mwanga usifike kwenye filamu) inafunguka na kujifunga. Betri iliyomo ni moja tu, ndogo kama kitufe cha shati, na kazi yake ni kusogeza mshale wa kipima mwanga. Ikifa, kamera inaendelea kupiga kwa kasi zote kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kampuni ya Asahi ya Japani iliitoa kamera hii mwaka 1976, na ilitengenezwa hadi 1997. Kazi ilianzia Japani, ikahamia Hong Kong, kisha China, na zaidi ya kamera milioni 3 zikatoka. Ndiyo maana hadi leo hazijaadimika. Zile za awali, zilizoandikwa Asahi Pentax usoni, zina chuma kingi. Za mwishoni zimeingizwa plastiki zaidi. Wako wanaobishana usiku kucha kuhusu ipi bora. Mimi mwaka wa kuzaliwa wa kamera haunishughulishi sana, naangalia ilivyotunzwa.

Kuna jambo moja tu la kuelewa mapema: kamera hii haisemi. Hakuna taa nyekundu, hakuna mlio, hakuna ujumbe. Ukisahau kifuniko cha lenzi wakati wa kubonyeza, itapiga. Ukipiga bila filamu, itapiga vilevile, na kaunta itahesabu. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inahusu dalili ambazo wewe mwenyewe lazima uzione.

Kuikagua kabla hujalipa

Njoo na tochi ndogo na betri mpya ya aina ya SR44 au LR44. Muuzaji akisema "betri tu ndiyo imekwisha", utajua ukweli papo hapo.

Anza na shata. Kinobu cha kurudishia filamu kiko juu upande wa kushoto. Kivute juu mpaka mgongo wa kamera ufunguke. Kama kuna filamu ndani, funga haraka na umuulize mwenyewe kwanza. Kama ni tupu, toa lenzi, elekeza kamera kwenye dirisha lenye mwanga na upige ukichungulia kwa nyuma. Kwenye kasi ya sekunde 1 hesabu kimoyomoyo. Ikikawia sana au ikikwama katikati, mafuta ya ndani yameganda. Kwenye 1/1000 utaona mmweko tu, lakini mmweko huo unapaswa kujaza mstatili wote. Upande mmoja ukibaki na giza, mapazia mawili ya shata hayaendi kwa mwendo mmoja, na kila picha utakayopiga juani itakuwa na ukanda mweusi. Jicho lisipowahi, rekodi kwa simu yenye video ya mwendo wa polepole. Kasi za kati zikiwa nzuri na 1/1000 peke yake ikawa mbovu, kamera bado inatumika, ila jua hilo na upunguze bei.

Mapazia yenyewe ni ya kitambaa chembamba cheusi. Yaangalie kama yana mikunjo au vitobo vidogo, lakini usiyaguse kwa kidole hata mara moja.

Kisha betri. Chumba chake kiko chini ya kamera, mfuniko wake unafunguka kwa sarafu. Ukikuta ukoga wa kijani au ungaunga mweupe, betri ya zamani ilivuja. Ukiwa kidogo unatoka kwa pamba iliyoloweshwa siki, kisha unapangusa na kukausha. Ukiwa umekula nyaya, kipima mwanga ndiyo basi tena. Weka betri yako, piga chabo kwenye kitundu cha kuchungulia: upande wa kulia kuna mshale. Elekeza kwenye mwanga, mshale upande juu. Elekeza chini ya meza, ushuke. Ukitulia palepale katika hali zote mbili, kipima mwanga hakifanyi kazi.

Lenzi ipitishie tochi kwa pembe, si moja kwa moja. Vumbi kidogo halina neno. Unachokitafuta ni kuvu, ambayo huonekana kama utando wa buibui au mizizi myembamba inayotambaa kutoka ukingoni. Hiyo iache. Mikwaruzo midogo ya kioo cha mbele haidhuru kama watu wanavyodhani. Zungusha pete ya tundu la lenzi na uone vile vipande vyembamba vya chuma ndani vikifunga na kufungua upesi. Vikiwa vinang'aa mafuta, vitakawia kufunga na picha zitatoka na mwanga uliozidi. Pete ya fokasi, ile ya kurekebisha ukali wa picha, iwe laini, nzito kidogo, isiyocheza.

Na lenzi ipi? Mdomo wa K, yaani pale lenzi inaposhikana na kamera, umekuwapo tangu 1975, kwa hiyo chaguo ni nyingi. Milimita 50 yenye tundu la f/2 (namba ya f ni kipimo cha upana wa tundu) ndiyo iliyouzwa sana pamoja na kamera hii, na haina haja ya kudharauliwa. Sharti moja: lenzi iwe na pete ya tundu. Lenzi mpya nyingi za kidijitali hazina, na K1000 haina njia nyingine ya kubadilisha tundu. Lenzi zenye alama ya A kwenye pete zinafaa, mradi usiiache pete kwenye A, maana kamera hii haiijui.

Sponji zilizooza

Karibu kila kamera ya umri huu ina tatizo hili, hata ile iliyokaa kabatini bila kuguswa. Mgongo wa kamera unazibwa na sponji nyembamba zinazozuia mwanga, na baada ya miaka mingi sponji hizo hugeuka lami nyeusi inayonata. Gusa kwa kijiti cha meno: ikishika kama gundi, au ikimomonyoka, inabadilishwa.

Kwangulia nje kwa kijiti cha mbao, si cha chuma. Lowesha kidogo kwa pombe ya isopropili, subiri, kwangua, futa, rudia. Ishikilie kamera kwa namna ambayo uchafu unaanguka nje, si kwenye mapazia. Ukimaliza, bandika sponji mpya nyembamba, au laza uzi mweusi wa sufi ndani ya mfereji. Uzi unafanya kazi vizuri kuliko unavyotarajia. Kuna ukanda mwingine wa sponji mbele, juu ya kioo kinachoruka unapopiga picha. Hapo fanya kazi kwa mkono mwepesi sana: pombe ikidondokea kwenye kioo cha fokasi kilicho juu yake, doa hilo utalitazama kila siku. Kioo kinachoruka chenyewe kimepakwa rangi ya fedha kwa mbele, kikifutwa kwa kitambaa kinachubuka. Vumbi lililo juu yake lipulizie tu kwa pampu ya mpira, na ujue halionekani kwenye picha.

Kuweka filamu: hapa ndipo wengi wanapoangukia

Filamu yangu ya kwanza niliipiga siku mbili. Wazee wa familia wakiwa wamekaa barazani, watoto wakikimbia mvuani, nikapima mwanga kwa makini, nikafokasi kwa makini. Kaunta ikafika 36. Nikavuta wenzo tena, ukakubali. Nikajiambia bahati, nimepata picha ya nyongeza. Nikapiga nyingine, ukakubali tena. Filamu ilipotoka kusafishwa ilikuwa wazi kama kioo cha dirisha kuanzia mwanzo hadi mwisho. Haikuwahi kusogea hata milimita moja: ulimi wake ulichomoka kwenye rola nilipofunga mgongo, na mimi nikakaa siku mbili nikivuta hewa.

Kwa hiyo fuata hivi, na usiruke hatua ya sita.

1. Tafuta kivuli. Kama hakuna, geuka uelekeze mgongo wako juani.
2. Vuta kinobu juu, mgongo ufunguke. Tumbukiza kopo la filamu kwenye chumba cha kushoto, kisha sukuma kinobu chini mpaka kikamate. Kikikataa, kizungushe kidogo.
3. Vuta ulimi wa filamu kuelekea kulia, uuchomeke kwenye nafasi ya rola ya kupokelea.
4. Vuta wenzo taratibu. Hakikisha meno ya giya yameingia kwenye matobo ya filamu, juu na chini. Usifunge mpaka filamu imejizungusha kwenye rola angalau mzunguko mmoja mzima. Filamu uliyoiunguza hapo ni ya mwanzo tu, haina hasara.
5. Funga mgongo. Fungua kijiti cha kinobu cha kushoto na ukizungushe polepole kufuata mshale mpaka uhisi filamu imekaza. Ukihisi tu, acha.
6. Sasa vuta wenzo huku macho yako yakiwa kwenye kinobu cha kushoto. Kinapaswa kuzunguka kinyume cha mshale. Kikizunguka, filamu inakwenda. Kikitulia, fungua uanze upya.
7. Piga picha za bure mpaka kaunta ionyeshe 1.

Kile kinobu ndicho kitu pekee kwenye kamera nzima kinachokwambia kuna filamu na inasogea. Mimi hukitupia jicho kila ninapovuta wenzo, hata kwenye picha ya 20.

Mwisho, weka namba ya kasi ya filamu. Inua ukingo wa duara la kasi za shata, lizungushe mpaka namba iliyoandikwa kwenye kopo lako (100, 200, 400) itokee kwenye kidirisha. Kipima mwanga hakina njia nyingine ya kujua umeweka filamu gani. Kwa kuanzia chukua 400: inakupa nafasi ya kukosea, na jioni hutaachwa gizani. Ilford HP5 Plus kwa nyeusi na nyeupe ni mwalimu mzuri na mvumilivu.

Kupima mwanga

Una vitu viwili vya kurekebisha. Duara la juu linaamua shata ikae wazi kwa muda gani, kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000. Pete ya lenzi inaamua tundu liwe pana kiasi gani: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22, na namba ikikua tundu linapungua. Kila hatua inapunguza mwanga kwa nusu au kuuongeza mara mbili, pande zote mbili. Ndiyo maana 1/125 kwa f/8 ni mwanga uleule wa 1/250 kwa f/5.6, au 1/60 kwa f/11. Zungusha kimoja, mshale ukipanda juu mwanga umezidi, ukishuka umepungua, ukiwa katikati ya nafasi yake piga.

Kasi uliyoichagua haionekani ndani ya kitundu. Itabidi ushushe kamera na kutazama juu yake, au uhesabu mibofyo. Kwa lenzi ya milimita 50 usishuke chini ya 1/60 ukiwa umeshika kwa mkono. Ukitumia flashi, 1/60 pia ndiyo kasi ya juu kabisa; ukizidisha, sehemu ya picha itakuwa nyeusi tii.

Kipima mwanga kinajumlisha kila kilichomo kwenye fremu na kudhani wastani wake ni kijivu. Hapo ndipo kinapodanganya. Bibi harusi mwenye gauni jeupe mbele ya ukuta mweupe atatoka wa kijivu, kwa hiyo mwongeze hatua moja. Paka mweusi kwenye kochi jeusi atatoka amepauka, mpunguze. Uso wenye ngozi nyeusi sana ukiupima kwa karibu, nao ukajaza fremu, utang'arishwa kuliko ulivyo. Mtu aliyepigwa na jua mgongoni atakuwa kivuli, kwa sababu anga imeuvuta mshale. Dawa ya huyu ni kumkaribia mpaka uso wake ujaze fremu, kupima, kisha kurudi ulipokuwa na kupiga kwa vipimo vilevile bila kujali mshale unalalamika vipi.

Ukiwa na shaka na filamu ya negativu (ile ambayo mwanga na giza hutoka vimegeuzwa), ongeza mwanga. Picha iliyozidishwa hatua moja au mbili inaokoleka. Iliyopungukiwa hivyo vivuli vyake vinakuwa uji.

Betri ikikufia njiani? Jua likiwa kali na vivuli vina ukingo mkali, weka f/16 na kasi iliyo karibu na namba ya filamu: 1/500 kwa filamu ya 400, 1/125 kwa ya 100. Vivuli vikiwa na ukingo laini, f/11. Mawingu, vivuli havipo, f/8. Kivulini chini ya anga wazi, f/4. Wengine hufanya hivi hata betri ikiwa nzima, na picha zao hazina kasoro.

Nitaje hapa jambo la kifuniko, maana ni la betri. Kwa kuwa hakuna swichi, kipima mwanga hufanya kazi muda wote ambao lenzi inapokea mwanga. Kifuniko cha lenzi ndicho swichi. Kamera ikiachwa mezani bila kifuniko, betri huisha upesi.

Fokasi kwa mkono

Unapochungulia, lenzi iko wazi kabisa hata kama umechagua f/16. Hufunga sekunde ile unapobonyeza. Kwa hiyo eneo kali unaloliona ni jembamba kuliko litakavyokuwa kwenye picha, na hilo linakusaidia. Katikati ya kioo kuna duara lenye vipira vidogo vidogo. Kitu kikiwa nje ya fokasi, duara hilo humetameta na kukatikakatika. Fokasi ikikaa, linatulia kama maji ya kisima.

Usijaribu kufika na kusimama palepale. Pitiliza kidogo, rudi, pitiliza upande wa pili, rudi. Jicho hutambua ukali kwa kuulinganisha na utusitusi wa pande zote mbili. Kwa uso wa mtu, lenga jicho lililo karibu nawe, tena kwenye ukope, maana ngozi laini haina kitu cha kushikwa na duara. Kama hakuna ukope unaoonekana vizuri, tafuta ukosi wa shati ulio umbali uleule. Kisha ukibadilisha mpangilio wa fremu, badilisha kwa mikono, usisogeze mwili mbele wala nyuma: kwa f/2 na mtu aliye mita 1 mbali, eneo kali ni sentimita chache tu, na kupumua kwako kunatosha kulipoteza.

Watoto na watu wanaotembea hawakusubiri. Kwao usifokasi, pima umbali mapema. Kwenye lenzi kuna namba za mita, na chini yake mistari iliyoandikwa namba za tundu kushoto na kulia. Weka f/16 na mita 5 kwa lenzi ya milimita 50: kila kitu kuanzia kama mita 2.5 hadi mbali sana kitakuwa kikali. Kwa f/8 na mita 3, eneo hilo ni takriban mita 2.3 hadi 4.2. Ukiyakariri haya mawili unainua kamera na kubonyeza tu, na hakuna mashine itakayokuwahi.

Kurudisha filamu

Wenzo ukigoma katikati, filamu imekwisha. Usiulazimishe. Chini ya kamera kuna kitufe kidogo: kibonyeze. Kisha zungusha kijiti cha kinobu kufuata mshale, polepole, hasa palipo na hewa kavu, kwani filamu ikikimbizwa huzalisha cheche ndogo za umeme zinazoacha alama. Utahisi uzito, kisha mwisho utachomoka ghafla na kinobu kitalegea. Zungusha mara kadhaa zaidi, ndipo ufungue. Ikigoma kabisa kuzunguka, ulisahau kitufe. Ikiwa umeshaikata kwa nguvu, usifungue: ipeleke ilivyo kwa msafishaji mwenye chumba cha giza.

Kuisoma negativu

Omba negativu zako zirudi pamoja na picha, na uzitazame mbele ya mwanga kabla ya picha zenyewe. Filamu ikiwa wazi kabisa, angalia ukingoni. Jina la filamu na namba vikiwepo, usafishaji ulikuwa sawa na tatizo ni kamera au uwekaji wako. Vikikosekana navyo, dawa ndiyo iliharibika. Michirizi myeusi inayotokea pembeni pale pale kwenye picha nyingi ni sponji. Fremu zinazopandana ni mfumo wa kusogeza filamu. Fremu yenye upande mmoja mwangavu, na hutokea tu ulipotumia 1/1000, ni yale mapazia. Tumia 1/500 na filamu ya 100 mpaka utakapoipeleka kwa fundi. Zote zikiwa hafifu, karibu uwazi, rudi kwenye kidirisha cha namba ya filamu: mara nyingi utakuta bado kimesimama kwenye namba ya filamu iliyotangulia.